Katoni Kumi na Moja za Mama Joëlla

Mirindi hakuwahi kutia msumeno kwenye mbao kabla hajaisafisha. Mafundi wenzake wa Bwiza, mtaa wa Bujumbura, walimcheka kwa hilo. Wao mbao ilipofika kutoka ng'ambo ya ziwa, na matope yake na chapa za rangi za wenye mali, waliikata hivyohivyo; uchafu, walisema, utaondoka na randa. Mirindi alichukua kisu butu, kitambaa na mafuta ya taa kidogo, akaiparuza na kuipangusa mpaka mishipa yake ijitokeze. Hapo ndipo alipoweka kiganja juu yake na kujua wapi ni juu na wapi ni chini, upande gani ulielekea kiini cha mti na upande gani ulielekea ganda. Kisha alizipanga mbao zake kwa ukubwa, ndefu na ndefu, fupi na fupi. Hivyo alifundishwa na mjomba wake huko Uvira, Kongo, na hivyo alifanya kwa miaka ishirini na sita.

Alivuka mpaka wa Gatumba mwishoni mwa mwaka 1996, vita vilipoingia Uvira, akiwa na mke wake Ernestine, mtoto wao Divin mgongoni kwa mama yake, na randa ndani ya sufuria. Alikimbia vita akaangukia vita. Lakini hivi vya Bujumbura vilikuwa na umri wa miaka mitatu tayari, na watu walikuwa wamejifunza kuishi ndani yake: saa ya kutoka, saa ya kurudi, njia ya kupita na njia ya kuepuka. Alipata nusu ya kibanda kwa Sulemani, seremala wa vitanda. Kwa kuwa vitanda vilikuwa vya Sulemani, Mirindi alichukua kazi iliyobaki, na iliyobaki ilikuwa majeneza. Ndugu wa marehemu walikuja na fimbo waliyoikata kwa urefu wa mtu wao, wakamkabidhi bila maneno mengi, naye akapima kwa fimbo ile. Alitoa mawili kwa siku, wakati mwingine matatu. Jioni Ernestine alimwekea maji ya kunawa mlangoni, nje, kabla hajaingia.

Ndiyo maana siku Mama Joëlla alipomfuata kibandani, mwaka 2001, mvua za masika zikiwa zimeanza, Mirindi alifikiri ni mfiwa mwingine. Alikuwa mwanamke mrefu, mwalimu wa jiografia kwenye lise moja, shule ya sekondari ya mjini, jina lake Spès, lakini wote walimwita kwa jina la binti yake.

"Fundi," alisema, "we unajua kabati za kartoni?"

"Kabati ya kartoni haitamaliza mvua hii, Madame."

"Apana. Ni za mbao, ila ziko ndani ya kartoni. Zimekatwa kule kule Ulaya. Dada yangu Huguette amezituma. Ni kufunga tu."

Sulemani aliinua kichwa kutoka kwenye kitanda chake. "Kama ni kufunga tu, fundi wa nini? Si utafunga na mutumishi wako?"

Mama Joëlla hakucheka. "Mutumishi wangu yuko hospitali," alisema.

Mirindi alisikia kisa chote siku aliyokwenda kupima. Nyumba ilikuwa Mutanga Nord, na kama nyumba nyingi za mtaa ule, jikoni lilikuwa nje, nyuma ya nyumba, chumba kidogo cha bati na makaa. Wiki tatu kabla, jioni, wakati milio ilikuwa inasikika kwa mbali upande wa Kinama, risasi moja isiyokuwa na mwenyewe ilipita juu ya ukuta wa uani ikampata Prudence, mtumishi huyo, pajani, akiwa ameinama juu ya maharage. Hakufa. Ila Mama Joëlla alisema hatampikisha tena mtu nje, hata chai. Alikuwa na chumba cha binti yake, kitupu tangu Joëlla apelekwe shule ya bweni Gitega. Chumba kile kilikuwa katikati ya nyumba, na kuta mbili kati yake na uani. Hapo ndipo alipotaka jikoni.

Walipanga pamoja, yeye na Mirindi, wakiwa wamepiga magoti sakafuni na chaki. Sinki kwenye ukuta wa bafu, kwa sababu bomba lingepitia pale. Jiko la umeme la sahani mbili upande wa mlango. Kabati sita za chini, kabati tano za kutundika. Mirindi alichora kila moja kwa chaki kwa vipimo alivyoandika Huguette kwenye barua, kisha akasimama ndani ya mchoro na kujifanya anafungua mlango, ili waone kama mtu mwingine anaweza kupita nyuma yake. Mama Joëlla naye alijifanya amebeba sufuria. Walipogongana, wote wawili walicheka kidogo, kisha wakaona haya. Muda mrefu ulikuwa umepita tangu mtu yeyote amwagize Mirindi kitu ambacho aliye hai angekifungua na kukifunga kila siku.

Katoni zilifika Jumatatu, kutoka bandarini, kwa kamioneti, gari dogo la mizigo. Kumi na moja, ndefu, bapa, kila moja ikibebwa na watu wawili. Mama Joëlla aliamuru geti lifungwe kabla ya katoni ya kwanza kugusa ardhi, akashusha mapazia yote ya upande wa barabara.

"Kwetu Uvira," Mirindi alisema huku akihema, "mutu akinunua hata kiti, anaita mutaa mzima waje wakikalie."

"Hapa si Uvira, fundi. Kinachoingia kwangu ni changu. Jirani hana haja ya kukijua."

Jumanne alizifungua zote kwa pamoja, sebuleni, Mama Joëlla akiwa kazini. Mbao zilikuwa nyeupe pande zote mbili, laini kama sahani. Kwenye kona moja iliyochubuka aliona kilichokuwa ndani: unga wa msumeno ulioshindiliwa, kama ugali uliolala. Aliweka kiganja juu yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake mbao haikumwambia kitu. Haikuwa na mshipa. Haikuwa na juu wala chini. Jambo hilo lilimtia wasiwasi, na alipokuwa na wasiwasi alifanya alichojua kufanya: alisafisha.

Kila ubao ulikuwa umebandikwa karatasi ndogo, kiasi cha ukucha wa gumba, yenye herufi na namba. Aliziona kuwa kama zile karatasi zinazobandikwa chini ya vikombe vipya dukani, ambazo mama mwenye heshima huziondoa kabla mgeni hajanywa. Akazibandua moja moja, kwa kisu butu na mafuta ya taa, mbao tisini na tatu, mpaka pasibaki hata alama ya gundi. Kisha akazipanga kwa ukubwa dhidi ya ukuta. Vifuko vya plastiki vya skrubu na bawaba, kimoja ndani ya kila katoni, alivipasua vyote akamimina vyuma kwenye makopo ya maziwa ya unga: skrubu fupi kopo lake, ndefu kopo lake, vijiti vya mbao kopo lake. Vijitabu vya picha alivifunga kwa uzi. Takataka alichochea nazo moto wa chai.

Mama Joëlla aliporudi akasimama mlangoni. "Ee, fundi. We ni mutu musafi," alisema. Na Mirindi alirudi Bwiza siku hiyo akiwa mwepesi wa miguu.

*

Walikuja Jumatano, saa saba na nusu mchana, Mirindi akiwa ametoka kumalizia bomba la sinki na Mama Joëlla ametoka tu shuleni. Walikuwa wanne, vijana wa ulinzi wa mtaa, na bunduki moja kati yao. Aliyewaongoza aliitwa Jovithe, mtu wa miaka thelathini hivi, aliyekuwa dereva wa teksi kabla gari lake halijachomwa. Alivaa koti la jeshi na kandambili.

"Amahoro, Mama Joëlla."

"Amahoro." Hakuwakaribisha kukaa.

"Juzi kamioneti iliingia hapa. Watu wamehesabu. Vitu kumi na moja, virefu, vizito. Watu wawili kila kimoja."

"Ni vya jikoni."

"Jikoni." Jovithe aliwageukia wenzake, nao wakatabasamu. "Mutaa mzima unafunga valisi ukimbie, wewe unajenga jikoni. Na mapazia umeshusha muchana. Unajua kitu gani sisi hatujui?"

"Jovithe, unanijua. Nimemufundisha mudogo wako."

"Nilikuwa nakujua," alisema Jovithe. "Siku hizi mi sijui mutu."

Alipita sebuleni. Alizitazama mbao nyeupe zilizoegemea ukuta, akagonga moja kwa kidole. Kisha akasukuma kopo moja kwa mguu, na bawaba zikamwagika sakafuni kwa mlio ambao ulimfanya Mama Joëlla afumbe macho. Jovithe aliokota moja. Aliibana, ikajifunga yenyewe, ta! Akaifungua, akaibana tena.

"Hii ni nini?"

"Ni ya mulango," Mirindi alisema.

"Mulango gani uko na springi? Mulango wa kwetu uko na bawaba, basi. Hii inaruka kama mutego." Akamtazama sasa, kwa mara ya kwanza. "We ni wa wapi?"

"Uvira." Alijibu upesi mno, na alijuta neno likiwa bado mdomoni. Miezi ile watu walisema wapiganaji huvukia upande ule.

"Uvira! Mukongomani wa Uvira, na springi, na vitu kumi na moja. Leta kadi."

Mirindi alitoa kadi yake ya ukimbizi kutoka mfuko wa shati. Bila kadi ile hakuweza kupita kizuizi cha daraja la Ntahangwa, na bila kupita daraja hakukuwa na Bwiza, wala Ernestine, wala nyumba. Jovithe hakuisoma. Aliitia ndani ya koti lake.

Mama Joëlla alileta vile vijitabu. "Angalia picha. Ni kabati. Hii hapa, na hii."

"Picha!" alisema Jovithe. "Hata mi naweza kukuchorea kabati. Naweza kukuchorea na ndege." Alitazama saa yake. "Sikiliza, muzee. Kama ni kabati, nione kabati. Saa kumi na moja na nusu narudi. Nikikuta kabati imesimama, nitaamini. Nikikuta mbao, tutapeleka hizo mbao na wewe mwenyewe kwenye pozisheni, wale wanajeshi wakuulize vizuri."

Mwezi uliotangulia mdogo wa Ernestine alipelekwa kwenye pozisheni, kambi ya wanajeshi, kuulizwa vizuri. Hakurudi, na hakuna aliyewaambia waende kumtafuta wapi.

Jovithe aliondoka na wawili. Alimwacha wa tatu, Salvator, kijana mnene mwenye bunduki, ambaye alivuta kiti mpaka mlangoni na kuanza kumenya karanga.

*

"Tuanze na ya chini ya sinki," Mama Joëlla alisema kwa sauti ya darasani. Alifungua kijitabu. "Ubao A, namba tatu, unaingia kwenye ubao B, namba tano. Fundi, nipe A tatu."

"A tatu ni upi?"

"Si imeandikwa? Hapa kwenye picha kila ubao una karatasi yake ndogo."

Mirindi aliitazama picha, kisha akazitazama mbao. Mama Joëlla alichukua ubao mmoja, akaugeuza, akachukua mwingine. Akapitisha vidole pembezoni, polepole, kama mtu anayetafuta uvimbe.

"Ulibandua," alisema.

"Nilisafisha."

"Zote?"

"Zote, Madame."

"Na ziko wapi?"

Mirindi aliangalia upande wa makaa nje, na Mama Joëlla akafuata macho yake. Salvator aliacha kumenya. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu," alisema Mama Joëlla. Akakaa chini sakafuni, kijitabu mapajani. Mirindi alingoja amtukane. Angependa amtukane. Lakini alifungua tu ukurasa wa pili, wa tatu, akasema kwa sauti ndogo, "Mbao tisini na tatu. Sasa tufanye nini, Papa Divin?" Hakuwahi kumwita hivyo kabla, na Mirindi hakujua hata kwamba analijua jina hilo.

Mirindi alianza kwa kukisia. Alichukua mbao mbili ndefu na mbili fupi, akazisimamisha, akazifunga kwa skrubu za kwanza zilizomjia mkononi. Mikono yake ilikwenda haraka. Ilijua pembe, ilijua kubana. Baada ya dakika arobaini aliiinua kazi yake, akarudi nyuma hatua moja, na Salvator akaangua kicheko.

"Eh, muzee! Hiyo si kabati. Hiyo ni sanduku ya maiti!"

Ilikuwa kweli. Ndefu, nyembamba, bila mahali pa kuweka rafu. Miaka minne ya kazi moja ilikuwa imekaa kwenye viganja vyake na ilitoka yenyewe bila kuulizwa.

"Sasa nani atalala humo?" Salvator aliuliza, akitupa ganda la karanga. "Wewe ama huyu mama?"

"Kula karanga zako, kijana," alisema Mama Joëlla. "Kiti unachokalia ni changu."

Salvator aliinama akamenya. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro dakika kumi.

Mirindi alifungua skrubu zote tena. Alikaa, akaweka ubao mmoja mapajani, kwa mazoea akapitisha kiganja juu yake, na tena hapakuwa na kitu. Weupe tu. Kisha kidole chake kikaingia kwenye tundu. Aliendelea kukipitisha kando ya ukingo: tundu jingine, upana wa vidole vitatu, tundu, kisha nafasi ndefu, matundu mawili yaliyokaribiana. Mbao hii haikuzaliwa na mishipa, lakini kuna mtu au mashine iliyoitoboa, na hakuna anayetoboa bila sababu. Kila tundu lilikuwa linangoja tundu lingine mahali fulani kwenye mbao zilizoegemea ukuta.

"Nipe kijiti," alisema. "Kijiti chochote kirefu."

Mama Joëlla alivunja mpini wa ufagio. Mirindi aliulaza kando ya ubao, akatia alama kwa kisu palipo na kila tundu. Alipimia wafu kwa fimbo miaka minne. Alijua kwamba fimbo haisahau na haina haja ya kusoma. Akaichukua ile fimbo yenye alama, akaanza kuipitisha kwenye mbao zilizoegemea ukuta, moja baada ya nyingine. Hapana. Hapana. Hapana. Ya kumi na tisa, alama zote tano zikakaa juu ya matundu matano.

"Huyu ni mwenzake," alisema.

Sasa walifanya kazi wawili. Mama Joëlla alivua viatu. Mirindi alikata alama, yeye alipitisha fimbo na kuita, "Hii! Apana, ina moja zaidi. Hii!" Kila ubao uliopata mwenzake waliuandika chaki mgongoni. Mara mbili walikosea na kufungua. Mara moja skrubu ndefu mno ilitokeza upande wa pili na kuuchubua weupe, na Mama Joëlla akasema, "Acha, endelea, itaelekea ukutani." Mvua ilinyesha ikaacha. Salvator hakuwa anacheka tena. Alikuwa amesogeza kiti karibu na alitazama kinyume na mapenzi yake, kama mtu anayetazama mchezo wa karata wa wengine. "Ile pale," alisema hata mara moja, akionyesha kwa karanga. "Ile yenye tundu kubwa." Na ilikuwa ile.

Saa kumi na moja na dakika tano kabati lilikuwa na mbavu mbili, sakafu, mgongo na rafu. Ilibaki milango. Mirindi alifunga bawaba ya kwanza, ya pili, akauning'iniza mlango, akausukuma. Springi ikaushika na kuupiga: ta!

Salvator alikuwa amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake, na mdomo wa bunduki umeelekea kifuani kwa Mirindi. Karanga zilitawanyika sakafuni. Hakuna aliyesogea. Mirindi aliona kidole cha kijana kikiwa mahali pasipostahili na aliona kwamba kijana mwenyewe hakujua kiko pale.

"Ni mulango," Mama Joëlla alisema, taratibu, kwa Kirundi na kisha kwa Kiswahili. "Ni mulango tu, Salvator. Angalia." Akanyoosha mkono, akaufungua, akaufunga kwa kuushika ili usilie. Akaufungua tena. "Unaona? Mulango."

Salvator aliteremsha bunduki. Alifuta uso kwa mkono wa shati. "Mulango gani huo," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Jovithe alirudi kabla ya wakati wake. Aliingia, akasimama mbele ya kabati jeupe lililokuwa katikati ya sebule kama mgeni asiyejua akae wapi. Alifungua mlango wa kushoto, akaufunga. Alifungua wa kulia. Akatia kichwa ndani. Kisha akaweka viganja viwili juu yake na kulilalia kwa uzito wake wote, na Mirindi alisikia mbao ya unga ikilalamika kidogo, lakini matundu yakashika.

"Weka kitu ndani," alisema Jovithe.

Mama Joëlla alileta sufuria ya maharage, akaiweka kwenye rafu, akafunga mlango.

"Na hizo zingine?"

"Zote ni kabati," alisema Mirindi. "Zimebaki kumi."

Jovithe alitazama saa yake. Saa kumi na moja na nusu ilikuwa haijafika. Kadi haikutoka kotini. "Beba koti lako," alisema. "Twende."

"Mumepatana kwamba akimaliza," Mama Joëlla alianza.

"Mama, ingia ndani."

*

Jovithe alimwambia atangulie. Barabara ilikuwa na matope na mageti yote yalikuwa yamefungwa. Mirindi alitembea akisikiliza kandambili nyuma yake, lap, lap, na akafikiri kwamba watu wakipelekwa husemwa hivyohivyo: alikuwa mbele, mwingine alikuwa nyuma. Mbele kulikuwa na njia panda: kushoto njia ilikwenda kwenye daraja na kizuizi. Kulia ilishuka kwenye korongo la Ntahangwa, ambako maji ya mvua yalikuwa yanavuma na hakuna nyumba iliyotazama.

"Huyo mama," alisema Jovithe, "kwa nini jikoni sasa? Mutu hajengi kama hajui kitu. Amesikia nini? Sema tu."

"Hakusikia kitu. Mutumishi wake alipigwa risasi akipika inje. Hataki kupikisha mutu inje tena. Ni hivyo tu."

Kandambili zilisimama. Mirindi naye alisimama, hakugeuka.

"Prudence," alisema Jovithe.

"Ndiyo huyo."

"Ni sisi tulimubeba. Tulitoa mulango wa jikoni, tukamulaza juu yake, tukakimbia naye mpaka barabarani. Damu yote ilikuya kwenye viatu vyangu. Ndiyo maana unaniona na hizi." Kisha, karibu kwa hasira: "Sasa kwa nini hakusema? Namuuliza muchana, ananiambia 'ni vya jikoni', na mapazia chini! Angesema ni kwa ajili ya Prudence, mi ningeuliza nini tena?"

Mirindi alimfikiria Mama Joëlla akifunga geti kabla ya katoni ya kwanza kugusa ardhi. Yeye mwenyewe, angeitwa aeleze mambo ya nyumbani kwake mbele ya bunduki, angeeleza mpaka jina la bibi yake.

Walifika kwenye njia panda. "Kushoto," alisema Jovithe.

Kizuizini askari wawili walikuwa wanashusha gogo. Jovithe alimpita Mirindi, akatoa kadi, hakumpa mwenyewe, alimpa askari. Askari akaisoma kwa tochi ingawa mwanga ulikuwa bado upo, upande wa mbele, upande wa nyuma.

"Huyu nani?"

"Fundi wetu," alisema Jovithe. "Ana kazi kwetu siku kumi. Atapita hapa asubuhi na jioni."

Askari alimrudishia Mirindi kadi. Ilikuwa na joto la mwili wa mtu mwingine. Aliishika mkononi wakati wote wa kuvuka daraja, na hakuitia mfukoni mpaka alipoziona taa za kwanza za Bwiza.

Ernestine alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. "Papa Divin! Nimekwenda kwa Sulemani mara tatu. Watu wote wamerudi, we peke yako ndiyo unatembea kama bwana arusi. Ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Umemaliza ngapi?"

"Moja."

"Kabati moja? Tangu asubuhi?" Alicheka, akapiga makofi. "Na ulisema ni kufunga tu! Mutu anayetoa majeneza mawili kwa siku! Huyo mama atakufukuza, nakuambia."

Mirindi alinawa mikono. Alikaa, akavuta sahani, akala tonge la kwanza bila kulionja.

"Zimebaki kumi," alisema. "Kesho narudi."

"Rudi, basi, umalize."

"Ernestine. Siku hizi kumi nikichelewa, usitoke kwenda kuniuliza. Usipite daraja. Ukae na Divin, ufunge mulango."

Kicheko kilimtoka Ernestine usoni kidogo kidogo. Aliitazama mikono ya mumewe juu ya sahani, akavuta kigoda, akakaa karibu naye, bega kwa bega. Alimmegea ugali, kipande baada ya kipande, mpaka alipomaliza kula.